Barua ya wazi: naombeni saa moja kwa wiki, nije na rababendi zangu

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya watu wenye ulemavu, waganga wakuu wa mikoa, wakurugenzi wa hospitali, walimu wakuu wa shule zenye vitengo maalumu na wasimamizi wa vituo vya watoto wenye ulemavu, popote mlipo.

Wakubwa wangu shikamooni.

Mimi ni fundi simu, kibanda changu kiko Temeke, na tangu 2019 kila Alhamisi mchana nafunga kibanda naenda kujitolea kufanya mazingaombwe kwa watu wenye ulemavu. Sio mchawi, sio mganga, sina tunguri na ramli siijui inapigwaje. Ni kiini macho kilekile ambacho wengi wenu mlikiona mkiwa shule ya msingi, yule jamaa anakuja na sanduku lake, mwalimu anatangaza paredi kwamba kesho kila mtu aje na hela ya kiingilio, tunabanana darasani madirisha yamefungwa, jamaa anavuta utepe mdomoni hauishi na sisi tunapiga kelele mpaka shule ya jirani wanasikia. Mimi nilitoka pale nikaenda nyumbani kujifungia na sarafu, sijaacha mpaka leo.

Nawaandikia kwa sababu mwezi wa tatu mwaka huu kituo kimoja nilichokuwa naenda, sitakitaja jina na wala sina ugomvi nacho, kiliniambia nisirudi. Nilikuwa nimeenda pale miezi saba mfululizo. Sababu niliyopewa getini, na mlinzi maana hakuna aliyetoka ofisini, ni kwamba kuna mtu amelalamika kuwa watoto wanafundishwa uchawi. Basi. Miezi saba imeishia getini na mfuko wangu wa karata na kamba mkononi, na ndani nasikia watoto wanauliza anko kaja?

Sikuja hapa kulalamika peke yake. Nimekaa nikafikiri, nikaona inawezekana hamjui tunachofanya mle ndani kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaeleza vizuri, na mtu asipoelezwa anajaza mwenyewe. Kwahiyo naomba niwaeleze, itakuwa ndefu kidogo mnivumilie.

Nilianzia kwa mjomba wangu. 2018 alipigwa kiharusi, upande wa kulia wote ukalala. Huyu mtu alikuwa seremala, amejenga nusu ya milango ya mtaa wetu, sasa mkono hauwezi kushika kijiko. Hospitali wakampa mpira mdogo wa kufinya, mara hamsini asubuhi mara hamsini jioni. Anafinya mara tano anautupa chini ya kitanda, mpaka mama anapiga magoti kuutafuta. Alikuwa anasema mimi sio mtoto mnichezeshe mpira. Na kweli ukimwangalia unaona aibu aliyokuwa nayo, sio uvivu, mtu mzima anafinya kampira mbele ya wajukuu zake.

Siku moja nikakaa naye nikamwonyesha mchezo wa sarafu ya mia mbili. Ule mdogo kabisa, unashika sarafu mkono huu, unajifanya unaihamishia mkono wa pili, unafungua, haipo. Wenzangu wa mazingaombwe watanisamehe nikisema siri yake, sarafu haikuhama, imebaki imebanwa katikati ya kiganja na nyama ile ya chini ya kidole gumba. Sasa mtu wa kawaida haoni ugumu hapo, ila muulizeni mtaalamu yeyote wa fizio, yaani tiba ya viungo, atawaambia kile kitendo cha kubana kitu kwa kiganja bila vidole kuonekana vimekaza ni kazi kubwa ajabu kwa mkono uliopigwa na kiharusi. Mjomba aliidondosha hiyo sarafu siku nzima. Kesho yake tena. Lakini hakuitupa chini ya kitanda, unajua kwanini, kwa sababu alikuwa anataka kumshangaza mjukuu wake wa miaka sita. Alikuwa anafanya mazoezi usiku tumelala, tunasikia tu sarafu ting kwenye sakafu, ting, ting. Baada ya kama miezi miwili hivi alimwita mjukuu wake, akamwonyesha sarafu, akafunga mkono, akapuliza, akafungua. Haipo. Yule mtoto alikimbia mpaka nje kuita wenzake.

Mpira unaomba mkono ufanye kazi. Sarafu inampa mtu sababu.

Dada wa OT pale hospitali, wale wataalamu wa tiba kwa vitendo, aliona mkono unavyobadilika kliniki akauliza mnamfanyia nini nyumbani. Mjomba akamwonyesha. Dada akacheka mpaka machozi, alafu akanyamaza, alafu akaniuliza we kijana una michezo mingapi kama hiyo? Alhamisi iliyofuata nilikuwa wodini.

Nilidhani tumeanzisha sisi. Kumbe wenzetu walishafika zamani. David Copperfield, yule mwanamazingaombwe maarufu wa Marekani, alikuwa anaandikiana na kijana mmoja anayependa mazingaombwe, barua kwa barua, hajui kabisa kwamba kijana mwenyewe anatumia kiti cha magurudumu, akaja kujua kupitia gazeti. Kwenye zile barua kijana alikuwa mwanamazingaombwe tu, kama yeye. Mwaka 1982 Copperfield akakaa na mtaalamu wa tiba kwa vitendo anaitwa Julie DeJean, hospitali ya Daniel Freeman kule Inglewood, California, wakaanzisha mpango wa Project Magic, wagonjwa wanafundishwa michezo iliyochaguliwa kulingana na kiungo kinachohitaji mazoezi. Huyu vidole, huyu bega, huyu kumbukumbu. Mpango ukasambaa hospitali nyingi na nchi nyingi. Na London kuna wengine wanaitwa Breathe Magic, hao wanashughulika na watoto waliopooza upande mmoja, wanakaa nao kambini wiki mbili kama masaa 60 hivi, wanamazingaombwe na wataalamu wa tiba wako pamoja, na mwisho wa kambi watoto ndo wanapanda jukwaani kufanya shoo, wazazi wamekaa chini wanaangalia.

Narudia hapo. Watoto ndo wanapanda jukwaani.

Hii ndo hoja yangu yote wakubwa. Sisi hapa tukisikia mazingaombwe na watu wenye ulemavu tunafikiria burudani, tarehe 3 Desemba ikifika, Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu, anaitwa msanii mmoja, ananogesha nusu saa, watoto wanapiga makofi wale wanaoweza kupiga, mgeni rasmi anapiga picha na mifuko ya mchele, magari yanaondoka. Nimeitwa kwenye shughuli za hivo mara nyingi na nimeenda, sikatai, watoto wanafurahi kweli na furaha sio kitu kidogo. Lakini mtoto mwenye ulemavu tangu azaliwe anafanyiwa. Anabebwa, analishwa, anavalishwa, anaombewa, anapigwa picha. Mimi nikienda kumfanyia na mazingaombwe nimeongeza kimoja tu kwenye orodha. Nikimfundisha, mambo yanageuka, sasa yeye ndo anajua kitu ambacho mimi na wewe na mganga mkuu wa mkoa hatujui, na sisi ndo tumekaa tunakodoa macho.

Niwape mfano wa karibu. Kuna kijana pale kituoni nilipofukuzwa, ana miaka kumi na moja, ana mtindio wa ubongo, mkono wa kushoto umejikunja ngumi muda wote na kidole gumba kimeingia ndani. Watoto wa namna hii kuna jambo linawakuta, mkono mzima unafanya kila kitu, ule mwingine unasahauliwa, na ukisahauliwa unazidi kukaza. Mama yake akimwambia tumia mkono wako anautumia sekunde mbili anaurudisha kifuani. Nilimletea rababendi, zile za kawaida za kufungia noti. Mchezo uko hivi, rababendi inakaa kwenye vidole viwili, cha shahada na cha kati, unafunga ngumi, unafungua, rababendi imeruka iko kwenye vidole viwili vya mwisho. Ni mchezo mtamu kwa macho. Sasa siri yake, wakati wa kufunga ngumi unaivuta rababendi kwa mkono wa pili, unaingiza kwenye lile duara ncha za vidole vyote vinne, ukifungua yenyewe inaruka. Maana yake nini? Mkono mmoja ufungue na kufunga, mwingine uvute kwa wakati wake, kwahiyo mikono yote miwili lazima iwepo. Dada wa OT wa pale tulikaa naye tukapanga, mkono wa kushoto ndo ushike rababendi.

Wiki ya kwanza vidole havikufunguka. Wiki ya pili alifungua viwili, akatumia mdomo kuvuta. Tukamwachia. Wiki ya tano, sijui nisemeje, nilikuwa nimegeuka naongea na mtoto mwingine nikasikia pa, ule mlio wa rababendi ikiruka, nikageuka nikaona ule mkono wa kushoto umefunguka wote, vidole vimekaa kama feni, na yeye anauangalia mkono wake kama ni wa mtu mwingine. Alirudia mpaka wenzake wakachoka kushangaa. Mama yake alivyokuja kumchukua alimwonyesha, mama akasema tena, akaonyesha tena, mama akakaa kwenye benchi.

Sisemi mtindio wa ubongo umepona. Hauponi, na mtu yeyote atakayewaambia mazingaombwe yanaponyesha mfukuzeni huyo. Nachosema ni kwamba ule mkono ulifunguka kwa siku moja mara nyingi kuliko mwezi mzima wa kuambiwa fungua mkono.

Kitu kingine hiki nakipenda sana. Mchezo wowote wa kupoteza sarafu unaisha na mtu kuonyesha viganja vyote viwili vimetazama juu, kwamba oneni, sina kitu. Kugeuza kiganja kitazame juu ni shida kubwa sana kwa watoto waliopooza upande mmoja. Wataalamu wanakihangaikia hicho kitendo kila siku. Sasa mtoto anayefanya mazingaombwe lazima akifanye, la sivyo hadhira haimwamini, na anakifanya bila kukumbushwa.

Niende kwenye hili la uchawi maana ndo limenifungia geti.

Mimi siwacheki wanaoogopa. Nchi yetu hii ina Sheria ya Uchawi tangu 1928. Tumezika ndugu zetu wenye ualbino waliouawa na kukatwa viungo kwa sababu ya watu walioahidiwa utajiri na waganga, na Januari 2015 serikali ikapiga marufuku wapiga ramli. Mzazi wa mtoto mwenye ualbino akisikia kuna mtu anaingia kituoni na sanduku la miujiza ana haki zote za kupata mshtuko. Kwahiyo nina masharti yangu niliyojiwekea na sijawahi kuyavunja. Sifanyi mchezo wowote wa kukata kiungo cha mtu, hata ule wa kidole gumba ambao kila mjomba anawafanyia watoto, mimi sifanyi. Sivai kanzu nyeusi, sivai mafuvu, sitamki maneno ya ajabu ajabu. Naingia na shati la kazi. Na kitu cha kwanza kabla sijafungua mfuko nasema, huu ni mchezo, ni ufundi wa mkono, na leo nitawafundisha unavyofanyika. Mchawi gani anafundisha siri yake hadharani mchana kweupe mbele ya mama mlezi?

Tena niwaambie, mazingaombwe yakifundishwa vizuri ndo dawa ya hao matapeli. Kuna mama mmoja mtoto wake ana mgongo wazi, hatembei. Alikuwa anakaa pembeni anatuangalia kila Alhamisi, haongei. Siku nafundisha kile kitendo cha kuficha kitu kwenye kiganja, nikatumia karanga badala ya sarafu, nikaonyesha unavyoweza kuonyesha mkono mtupu, ukamgusa mtu goti, ukatoa karanga kama imetoka kwenye goti. Watoto wanacheka. Yule mama akasimama. Akasema rudia. Nikarudia. Akasema taratibu. Nikarudia taratibu nikamwonyesha karanga ilivyokuwa imebanwa muda wote. Akaniuliza, na msumari unaweza kufichwa hivyo? Nikamwambia mama, hata msumari.

Alikuwa ameuza shamba. Mtu mmoja alimtoa mtoto wake misumari saba mgongoni, kwa awamu, kila msumari na bei yake, akaambiwa ndo iliyokuwa inamzuia kutembea, imetumwa na wifi yake. Miaka minne haongei na wifi yake. Alikaa chini pale pale kwenye mkeka akaniomba ile karanga, akajifunza kuificha yeye mwenyewe mpaka akaweza, siku hiyo hiyo. Sikumwuliza kitu na yeye hakusema zaidi. Wiki mbili mbele alikuja na mwanamke mwingine, akaniambia huyu ni wifi yangu, muonyeshe.

Semina nyingi zimefanyika kupinga ramli chonganishi na sina shaka zimesaidia, lakini mimi nimeona karanga moja ilichofanya.

Kuna kijana mwingine, huyu haoni kabisa, yuko sekondari sasa hivi. Watu waliniambia mazingaombwe ni ya macho, asiyeona utamfundisha nini. Nilikaa nalifikiria hilo wiki nzima. Alafu nikakumbuka karata moja ukiikunja kona kidogo sana, kidogo kiasi kwamba jicho halioni, kidole kinaisikia. Na kidole cha mtu anayesoma nukta nundu kila siku sio sawa na changu. Nikampa karata. Sasa hivi anakupa uchague karata, uirudishe, uchanganye mwenyewe unavyotaka, anapitisha kidole pembeni ya karata mara moja, anakutolea yako. Walimu wake wenye macho mawili mazima hawajaligundua mpaka leo. Na mimi siwaambii, ni siri yake.

Viziwi nao, hawa ndo hadhira ngumu kuliko zote, kwa sababu sisi tunategemea sana maneno kumtoa mtu macho kwenye mkono, unaongea huku unafanya kule, sasa asiyesikia anaangalia mkono tu. Wamenikamata mara nyingi sana. Imebidi nijifunze upya kutumia macho na mabega, na nijifunze lugha ya alama, bado naijua kidogo, mkalimani ananisaidia.

Msidhani nawapa watoto matumaini hewa nikiwaambia wanaweza kuwa wanamazingaombwe wa kweli. René Lavand wa Argentina alipoteza mkono wa kulia akiwa na miaka 9, akaja kuwa mmoja wa watu wa karata wanaoheshimiwa duniani, mkono mmoja tu, na alikuwa anafanya polepole kwa makusudi ili watu waone vizuri na bado hawaoni. Alifariki 2015. Richard Turner wa Marekani, uwezo wa kuona ulianza kumpotea akiwa na umri huo huo wa miaka 9, sasa haoni kabisa, na wanaojua karata wanakwenda kwake kujifunza. Mahdi Gilbert wa Canada amezaliwa bila viganja vya mikono na anachezesha karata mpaka mabingwa wenzake wanashindwa kusema amefanyaje. Nikiwa na bando nawaonyesha watoto vidio zao. Yule kijana wa rababendi alitazama ya Lavand mara sita alafu akaniuliza, anko, huyu naye alikuwa anaambiwa atumie mkono wake?

Sasa maombi yangu.

Naombeni saa moja kwa wiki. Sio jukwaa, sio maspika. Chumba chochote, hata chini ya mwembe, na mtaalamu wa tiba kwa vitendo au wa fizio awepo, kwa sababu yeye ndo anajua mkono gani unahitaji nini, mimi najua michezo tu. Mimi peke yangu naweza kumuumiza mtu bila kujua, nikalazimisha bega lililokaza, hilo nalisema wazi. Yeye aongoze mimi nifuate.

Mnikague. Hili nalisema kwa moyo wote. Mtu yeyote anayejitolea kukaa na watoto, tena watoto ambao wengine hawawezi kukimbia wala kusema nini kimewapata, lazima akaguliwe, aulizwe kwao, afuatiliwe polisi, apewe kitambulisho, na asiachwe peke yake na mtoto hata dakika moja. Mimi miaka yote hii nimeingia sehemu kwa kufahamiana tu, dada fulani kaniombea kwa bosi wake. Hiyo sio sawa hata kama mimi nia yangu ni njema. Nimeenda ofisi ya ustawi wa jamii kuomba utaratibu nikaambiwa niende utamaduni, utamaduni wakaniambia nina kibali cha usanii? nikauliza kama kibali cha usanii kinahusu wodini, wakanirudisha ustawi. Tengenezeni fomu moja. Ijulikane inaanzia wapi, inasainiwa na nani, na mtu akikataliwa aambiwe sababu na mtu aliyekaa ofisini, sio mlinzi.

Vifaa sio mzigo. Pakiti ya rababendi, karata mbili tatu, kamba ya kuanikia nguo, vikombe vitatu vya plastiki, sarafu kila mtu anazo. Posho siombi. Ila kuna vijana wenzangu wawili wanaotaka kuanza kujitolea na wanakaa mbali, mkiweza kuwasaidia nauli itakuwa vizuri, mtu hawezi kuwa anajitolea huku anakopa nauli.

Na pale hospitali ya KCMC Moshi ambapo wanasomeshwa wataalamu wa tiba kwa vitendo, naombeni mfikirie hata wiki moja tu, wanafunzi wafundishwe michezo kumi. Kumi inatosha kabisa. Kwa sababu mimi ni mmoja na Tanzania ni kubwa, ila yule dada au kaka akipangiwa hospitali ya wilaya kule ambako mimi sitafika, ataenda na michezo yake kumi mfukoni, haihitaji umeme wala bajeti. Nitakuja kufundisha bure, mnipe pa kulala tu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inazungumzia haki ya huduma za utengamao, yaani kumsaidia mtu arudishe uwezo wa mwili wake, na mimi sioni popote palipoandikwa kwamba utengamao lazima uchoshe.

Tarehe 3 Desemba mkiandaa sherehe, mwaka huu msimwite msanii. Waiteni hao watoto wapande wao. Mgeni rasmi akae chini, achaguliwe achomoe karata, achanganye, na kijana asiyeona amtolee karata yake mbele ya kamera zote mlizoleta. Picha hiyo pigeni hata mia.

Kwa yule aliyelalamika kule kituoni, sikujui na sikuchukii, naamini ulikuwa unawalinda watoto. Njoo ukae mstari wa mbele Alhamisi moja, nitakufundisha kila kitu kilichomo kwenye mfuko wangu, kimoja kimoja, mpaka uridhike.

Na kwa uongozi wa kituo, nina ombi moja la haraka kabla hata ya hizo fomu. Yule kijana wa rababendi nilimfundisha kuirusha kutoka vidole vya kwanza kwenda vya mwisho. Kuirudisha ilikuwa tufanye Alhamisi ile ile niliyozuiwa getini. Inavutwa kwa upande mwingine na ndo ngumu zaidi kwa kile kidole gumba chake, dada wa OT alikuwa anaisubiri kuliko hata yeye. Mama yake amenitumia ujumbe kwamba kila siku anaikazania mwenyewe na inamkatikia. Nina pakiti tatu mpya hapa kibandani. Mkisema ndiyo, Alhamisi saa nane niko getini.

Ni mimi,
fundi simu na mwanamazingaombwe wa kujitolea,
Temeke, Dar es Salaam.